Mei Mosi ya Wamama wa Ndagala

Viviane alijua kuanika ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa, kabla hajajua kujisuka nywele. Mama yake alihamia Kalemie akitokea Zongwe, na mtoto alipofikia umri wa kushika fagio, ufukwe ulimwajiri bila kumwuliza anataka nini. Mpaka leo, ukimtafuta mchana, usiende kwake. Shuka ziwani, uliza Mama Reine, ndivyo anavyoitwa kwa jina la mtoto wake, utaonyeshwa mama mnene kidogo, kitambaa kichwani, anapiga kelele kwa kuku za watu.

Ile kazi, wanaoiona kwa mbali wanaidharau. Asubuhi mitumbwi inarudi na ndagala, unagombea besani lako, unaosha, unatandaza, unageuza, unafukuza kunguru, unafukuza kuku, unafukuza watoto ambao ni wabaya kuliko kunguru. Hayo yote si kitu. Kazi yenyewe ni kuangalia juu. Ndagala akishaanza kukauka halafu akalowa tena, basi, ameisha huyo, hata bata wanampita. Kwa hiyo wamama wa ufukwe wana sheria moja, na wanaishika kuliko amri za parokia: tone la kwanza likidondoka, unakimbia kuanua. Unanyonyesha, unakimbia naye mtoto. Unagombana na wifi yako, mtamalizia baadaye. Rafiki mkubwa wa Viviane, Bijou, aliwahi kutoka kanisani katikati ya ubatizo. Alimwachia padri mtoto mikononi, maji ya baraka yakiwa bado yanamdondoka, akaenda kuanua. Padri alingoja. Angefanya nini?

Sasa tufike kwa mume, Omer. Mimi sitaki kumsema vibaya, maana ni mtu mwema. Hapigi, hatukani, bia yake ni moja na anaijua. Alikuwa fundi wa winchi katika kampuni moja ya mizigo pale bandarini, hadi kampuni ilipofunga milango, naye akarudi nyumbani na kofia yake na bluzi yake ya buluu ya kazi. Kosa lake ni moja tu, ila lilikuwa gumu kama kisigino. Aliamini kwamba kazi ni kitu chenye bosi, king'ora na nguo ya kazi. Mgeni akija akauliza, "Na mama, yeye anatumika wapi?" Omer alijibu kwa upole wote, "Hapana, yeye eko nyumba tu."

Na hapo mama mwenyewe anapita na sahani, ananuka ndagala kuanzia vidole mpaka kitambaa.

Zamani Viviane alikuwa anacheka. Lakini kampuni ilipofunga, nyumba ikaanza kula kutoka kwenye mchanga: mihogo, sabuni, minerval, yaani karo, ya watoto, hata masomo ya ualimu ya Reine, mtoto wao wa kwanza. Yote ilitoka kwenye besani. Na bado, mgeni akiuliza, "eko nyumba tu." Hapo kicheko kilimwisha. Ilimuuma, na alipomwambia Bijou kwamba inamuuma, alilia kidogo, halafu akafukuza kuku.

Siku iliyomuuma kupita zote ilikuwa Mei Mosi, siku ya wafanyakazi. Kalemie inaipenda ile siku. Watu wanafanya defile, kila kundi linapita kwenye barabara kubwa mbele ya tribini, jukwaa la wakubwa: wauguzi na koti zao nyeupe, maseremala na randa mkononi, walimu, watu wa bandari, kila mtu na chombo cha kazi yake, fanfare ikipiga ngoma na tarumbeta. Wastaafu ndio wanaofungua njia, na Omer, tangu kampuni ilipofunga, hajawahi kukosa. Kila mwaka Viviane alimpigia pasi bluzi ya buluu, akamsugulia viatu, akapika kuku, sombe ya majani ya mihogo, migebuka, bugali wa kushibisha ukoo mzima. Kisha alikimbia barabarani na mwiko bado mkononi, amwone mume wake akipita kichwa kulia, kifua mbele. Alipiga makofi, akarudi kwenye vyungu. Siku ya wafanyakazi kupumzika ndiyo siku aliyochoka kuliko siku zote za mwaka.

Basi mwaka huu, Kwaresima ikielekea mwisho, Reine alishuka ufukweni akitoka kufundisha. Wamama walikuwa wameketi wanachambua ndagala, na Bijou, ambaye mdomo wake haujui konje, yaani likizo, akamwuliza:

"Mwalimu, hebu tuambie. Hii Mei Mosi, nani aliianzisha? Wazungu wa reli?"

Reine alicheka, akakaa juu ya besani lililogeuzwa. Aliwaambia kwamba mambo yalianzia Amerika, katika mji unaoitwa Chicago, zamani za mababu. Watu wa viwanda walikuwa wanafanya kazi tangu giza la asubuhi mpaka giza la jioni. Siku ya kwanza ya mwezi wa tano wakaweka vyombo chini, wakasema: tunataka saa nane za kazi, saa nane za kulala, saa nane za kwetu wenyewe. Siku chache baadaye kukatokea fujo na bomu, watu wakafa, na wengine wakaja kunyongwa ingawa hakuna aliyethibitisha kwamba walirusha kitu. Wafanyakazi wa nchi nyingine wakasema hii tarehe isisahaulike.

Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba.

"Saa nane za kwetu wenyewe," Bijou alisema. "Miye ningefanya nini na saa nane nzima? Ningekonda kwa mawazo."

"Na kabla ya hapo," Reine aliendelea, "huko Ulaya Mei Mosi ilikuwa sikukuu tayari, ya wakulima. Baridi imeisha, majani yanaota, watu wanacheza. Mpaka leo Wafaransa wanapeana kiua cheupe kidogo, kama kengele, cha kutakiana heri. Ni furaha ya majira mabaya kuisha."

Viviane aliacha kuchambua. Aliuliza, "Kwetu huku, mwezi wa tano, kitu gani kinaisha?"

"Mvua," walijibu wote.

"Basi ile sikukuu njo yetu sisi. Muntu gani anafurahi mvua ikiisha kupita muntu wa ndagala?"

Na hapo ndipo wazo lilipozaliwa, palepale juu ya mchanga, kwamba mwaka huu wamama wa ndagala watafanya defile.

Hata mbingu ilikubali. Ujue, watu wa ziwa wana likizo yao ambayo haikutoka Amerika wala Ulaya. Mwezi ukiwa mkubwa, mwangaza wake unashinda taa za wavuvi, ndagala wanatawanyika, na mitumbwi inalala mchangani. Hakuna samaki, hakuna kuanika. Siku hizo wamama wanasuka nywele, wanafua mablanketi, wanaozesha mabinti. Wanaiita konje ya mwezi. Na mwaka huu, Bijou alipohesabu kwa vidole, mwezi mkubwa uliangukia Mei Mosi yenyewe. Ufukwe utakuwa mweupe, hakuna hata ndagala mmoja wa kumwogopea. Kisingizio kilikuwa kimekwisha.

Walikwenda kwa Papa Joël, mtu wa protokole, yule anayepanga makundi na kushika maikrofoni. Papa Joël alikuna kidevu. Kundi jipya, na la wamama wa mchangani tena. Mwishowe alikubali, ila alitoa masharti: kitenge cha namna moja, kibao chenye jina, kila mmoja na besani lake, na mstari unyooke.

"Na musikie vizuri," alisema. "Kundi litakalovunja mustari mbele ya tribini, mwaka ujao litaangalia defile kwenye dirisha."

"Papa Joël," Viviane alijibu, "sisi hatuvunji."

Aliyebaki kuambiwa alikuwa Omer. Viviane alingoja ale kwanza, maana mume hapewi habari ya namna hiyo na njaa.

"Papa Reine, mwaka huu na miye nitafanya defile. Na wenzangu wa ndagala."

Omer alifikiri ni mzaha, akacheka. Alipoona hachekewi, akaweka kikombe chini. "Defile? Nyinyi? Bosi wenu nani?"

"Bosi wetu njo mvua. Akiita, hatuulizi."

"Mama Reine, usikasirike. Ile siku ni ya watu wa kazi. Nitakuwa nimekaa pale mbele na wenzangu wa bandari, halafu bibi yangu anapita na besani? Mutaniaibisha."

Alilisema bila ukali, na ndiyo maana liliingia ndani sana. Viviane aliosha kikombe kile kwa muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji. Hakutaka makofi ya wakubwa, wala picha. Alitaka kitu kimoja tu: Omer amwone akipita mbele ya watu kama mtu wa kazi, na akiulizwa tena, ajibu vingine. Na ikiwa Omer atageuza uso pembeni, basi yeye atakuwa amejua pa kuacha kutumaini.

Walifanya mazoezi ufukweni, Reine akihesabu. Kunyoosha mstari wa wamama waliozoea kupishana na besani ni kazi, msiulize. Bijou alikuwa anatikisa kiuno kila hatua ya pili. Reine akamwambia, "Mama Bijou, hii si harusi," naye akajibu kwamba kiuno hakikusomea defile, kisamehewe. Lakini walijifunza. Wiki ya mwisho walikuwa wanapita mchangani kichwa kulia, wakisalimia mtumbwi mmoja mbovu waliouteua kuwa tribini.

Omer aliwaona mara moja kutoka juu ya njia. Alisimama, akaangalia, akaenda zake.

Mei Mosi ikafika, kumekucha safi. Mvua ilikuwa haijaonekana tangu siku nyingi, na wazee wa mtaa walikuwa wamekwisha kuiaga. Viviane aliamka mapema, akapiga pasi bluzi ya buluu kama kila mwaka, akaining'iniza. Halafu akavaa kitenge chake kipya, cha manjano chenye samaki, akachukua besani alilolisugua kwa mchanga mpaka likawaka. Chungu hakukigusa. Jiko lilikuwa baridi, na Omer aliliona, akameza mate, akavaa viatu vyake.

Barabara ilijaa mpaka kwenye miti. Tribini ilikuwa imejengwa upande wa juu, na upande wa chini, nyuma ya watu, kuna njia inayoteremka moja kwa moja mpaka ufukweni kwao. Wastaafu walipita kwanza, wakapewa viti vyao vya plastiki pembeni, karibu na fanfare. Omer alikaa kiti cha mwisho, jirani na rafiki yake wa bandarini, Dédé. Walipita wauguzi, walimu, maseremala. Papa Joël akatangaza kila kundi kwa sauti ya misa kuu.

"Na sasa, kwa mara ya kwanza, wamama waanikaji wa ndagala wa Kalemie!"

Kumbe walipendeza. Manjano yote, besani zote zinameta, wanakanyaga kwa mguu mmoja. Viviane mbele, ameshika kibao. Watu wakaanza kupiga vigelegele. Alimwona Omer kwa pembe ya jicho, na moyo ukamdunda kama wa msichana. Zilibaki hatua chache wafike mbele ya tribini. Omer alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa anaangalia, na uso hakuugeuza.

Hapo ndipo tone likamdondokea Viviane kwenye pua.

Wingu lilikuwa limetoka wapi, hakuna anayejua. Mvua ya kuaga iliyosahau mzigo wake, ikarudi kuuchukua. Tone la pili likagonga besani la Bijou, likalia ting'. Waliosoma wanasema mtu anafikiri kwanza, halafu anatenda. Labda watu wa ofisi. Mazoea yana taabu. Bijou alipaza sauti moja tu, "Mvua!" na mstari mzima, ule wa mazoezi na kuhesabu na kichwa kulia, ukageuka kushoto kama ndege waliorushiwa jiwe. Wamama wote, kitenge kimeshikwa magotini, besani chini ya kwapa, wakapasua umati, wakateremka ile njia kwenda kuanua ndagala. Viviane alikuwa mbele yao, na kibao bado kakishika.

Pale tribini wakubwa walisimama. Papa Joël alibaki na maikrofoni wazi mdomoni, na kwa kuwa mtu wa protokole hawezi kunyamaza, akasema neno la kwanza lililomjia: "Wamama wa ndagala... wanaelekea kazini!" Umati ukaangua kicheko na makofi.

Viviane hakusikia. Alifika mchangani pumzi juu, akainama na besani lake, akanyoosha mkono wa kukusanya.

Mchanga ulikuwa mtupu.

Alitazama kushoto, mtupu. Kulia, mitumbwi imelala, nyavu zimekunjwa. Wenzake wakafika mmoja mmoja, wakainama, wakainuka. Mvua ilikuwa inawanyeshea, mpaka Bijou akauliza polepole, "Si ni konje ya mwezi?"

Weee. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini na vitenge vipya. Viviane naye alicheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Alikumbuka mstari. Alikumbuka Papa Joël na dirisha lake. Zaidi ya yote alikumbuka kwamba Omer alikuwa anaangalia, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao yote alikuwa anaangalia kweli, na alichokiona ni mke wake akikimbia mbele ya wakubwa kitenge kimepandishwa magotini. Amemwaibisha, kama alivyosema. Machozi yakamjia, na akashukuru mvua kwa kumfichia.

Ndipo aliposikia vishindo nyuma. Mtu mmoja alikuwa anateremka ile njia mbio, bluzi ya buluu imelowa, kofia imepotea, amekumbatia turubai kubwa linaloburuta matopeni. Nyuma yake, mpiga ngoma wa fanfare anamkimbiza akisema, "Papa, rudisha! Ngoma zetu zinalowa!"

Alikuwa Omer. Alifika, akalitupa turubai chini, akaanza kulifungua. "Wako wapi?" aliuliza, anahema. "Tufunike wapi kwanza?"

Wamama walimwangalia. Viviane alimwangalia zaidi ya wote. Katika maisha yake yote ya ndoa, mvua ngapi zimenyesha, na huyu bwana hajawahi kushuka ufukweni na hata kikombe.

"Papa Reine," alisema, "hakuna ndagala. Mwezi uko mukubwa."

Omer alitazama mchanga. Alitazama turubai. Aligeuka pole pole akamtazama mpiga ngoma, ambaye alikuwa amevimba kwa hasira, halafu akarudi kwa mke wake.

"Sasa wewe ulikuwa unakimbilia nini?"

"Na wewe je?"

Omer alifikiri. "Nilisikia mvua," alisema. "Nilikuona unakimbia. Nikaona minerval ya Reine inalowa."

Minerval ya Reine ilikuwa imelipwa na kwisha miaka mingi iliyopita. Lakini hilo ndilo alilolisema, na Viviane hakuhitaji lingine. Alimfuta uso kwa pembe ya kitenge, mbele ya watu wote, na Bijou alipiga kigelegele kimoja kirefu kilichomfanya mpiga ngoma asahau hasira yake.

Ile mvua haikudumu, ilichukua mzigo wake ikaenda. Walipopanda barabarani, wakiwa wamelowa chapachapa, walikuta Papa Joël amesimama katikati ya njia. Viviane alianza kuomba radhi, naye akamkata.

"Mama, wakubwa wanauliza kama yule papa wa turubai alikuwa sehemu ya onyesho."

Viviane alimtazama Omer. Omer alikohoa. "Ndiyo," alisema. "Nilikuwa sehemu."

"Basi mupite tena. Mwishoni, baada ya wote. Na sasa munyooke."

Wakapita. Manjano imelowa, matope mpaka magotini, lakini mguu mmoja, na hata kiuno cha Bijou kilitii. Kwenye mstari wa nyuma alikuwa mwanamume mmoja peke yake, bluzi ya buluu, kichwa kulia, kifua mbele, na turubai la fanfare limekunjwa vizuri begani. Walipofika kwenye viti vya wastaafu, Dédé alisimama akapaza sauti ili wote wacheke:

"Papa Omer! Umepata kazi mupya?"

"Ndiyo," Omer alijibu, naye akapaza ya kwake. "Kwa bibi yangu. Ye njo alinipa kazi."

Watu walicheka, na yeye hakujali. Viviane aliyasikia kutoka mbele kabisa. Alikiinua kibao juu zaidi, lakini hakugeuka, maana mstari ni mstari.

Jioni walirudi kwao pole pole, miguu inauma. Jiko lilikuwa bado baridi. Viviane aliketi kwenye kiti cha mume wake, kile cha mlangoni, akavua viatu, akanyoosha miguu. Omer alibaki amesimama kama mtu aliyefika ofisini siku ya kwanza na hajui meza yake.

"Sasa kesho," aliuliza, "tunaanza saa ngapi?"

"Kesho? Kesho mwezi ungali mukubwa. Watu wa ndagala tuko konje."

"Na miye?"

Viviane alifumba macho. "Wewe umeanza kazi leo tu, huwezi kuwa na konje tayari," alisema. "Sombe iko kwenye kikapu. Chumvi usitie nyingi."

Alitia nyingi. Walikula yote.